Joto la Mombasa, Povu la Bia na Chupa Yangu ya Hamira

Wiki jana msomaji mmoja wa Likoni alinitumia picha ya dari. Dari nyeupe, na katikati yake doa pana la rangi ya chai lililogandiwa na vipande vya hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia. Chini ya picha kaandika: "Kaka, nifanye nini sasa?" Nikamjibu aipanguse kabla mwenye nyumba hajapita, kisha nikamuuliza kifuniko cha ndoo yake ya bia alikifunga vipi. Alikuwa amekikandamiza kwa tofali.

Ujumbe wa aina hii hunijia kila kaskazi inapoanza kuvuma, na mwaka huu umezidi. Basi nijibu mara moja kwa nyote mnaotengeneza bia nyumbani hapa Pwani, mkitamani siku moja kummiminia mgeni glasi bila kuanza na kuomba radhi. Wasomaji wangu ambao dini haiwaruhusu, haya si yenu. Wiki ijayo naandika juu ya achari ya ndimu. Na mnaofikiria kuuza, kuuza bila leseni ni kosa chini ya sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni. Mimi natengeneza ya kunywa na mashemeji Jumapili.

Kuloweka kimea, yaani nafaka iliyochipushwa, na kuchemsha hopsi sitaeleza. Ni kazi ya kuchosha, na kuisimulia kunachosha zaidi.

Mimi nimezaliwa Kaloleni, na babu yangu alikuwa mgema. Alipanda minazi asubuhi na jioni, kotama kiunoni, na kibuyu chake hakikuwahi kuona sabuni. Alikisuuza tu, akaacha ukungu mweupe wa jana chini kabisa. Mgeni mmoja kutoka mjini aliwahi kumshauri akisugue vizuri kwa ajili ya afya. Babu akamtazama, akamwambia, "Mwanangu, nikikisugua hiki, wewe utalewa saa ngapi?" Tukacheka sote, mgeni naye akacheka. Sikujua kwamba nilikuwa nafundishwa. Yale masalio ndiyo yaliyoanzisha tembo la siku hiyo, likaingia ukali kabla ya magharibi. Watengenezaji bia wa Ulaya nao waliishi hivyo kwa karne nyingi, wakichota hamira ya pipa la jana kuanzishia la leo, hadi mwaka 1883 mwanasayansi Emil Christian Hansen alipofaulu kutenga hamira safi, ya mbegu moja, kwenye maabara ya Carlsberg kule Copenhagen. Kwa hiyo mtu akinicheka kwamba natunza hamira kwenye chupa ya jemu, namwona hajui ukoo wa kinywaji anachokunywa.

Turudi kwenye dari ya Likoni.

Hamira nyingi za ale, jamii ya bia ichachukayo bila baridi kali, hupenda nyuzi 18 hadi 22. Chumba changu cha Mikindani mwezi wa Februari hupita nyuzi 30 mchana, na hata usiku hakipoi. Juu ya hapo, hamira ikianza kula sukari hutoa joto lake yenyewe, kwa hiyo ndani ya ndoo kuna joto zaidi ya lile unalolisoma ukutani. Hamira iliyopashwa hivyo hufanya kazi kwa pupa. Povu linapanda kwa saa chache, gesi inatafuta pa kutokea, na isipopaona inajitengenezea. Hilo la povu ni dogo, maana dari hufutika. Lisilofutika ni ladha: bia iliyochachuka kwa joto lisilo lake hujaa vileo vizito vinavyonuka kama dawa ya kuondolea rangi, na kesho yake kichwa kinakugonga.

Ushauri utakaousikia kutoka bara ni kuifunika ndoo kwa taulo lililoloa na kuwasha feni. Nakuru unafaa. Hapa hewa yenyewe imeshiba maji, taulo halikauki, na lisipokauka halipoozi kitu. Kinachofaa hapa ni beseni kubwa la maji, ndoo ikae ndani yake, nawe utie chupa za soda za lita mbili ulizozigandisha, uzibadilishe asubuhi na jioni. Siku tatu za mwanzo ndizo za kukesha nazo. Baada ya hapo hamira imeshamaliza sehemu kubwa ya fujo zake, na joto likipanda kidogo halina madhara makubwa.

Nafasi nayo. Lita 20 za maji ya kimea zitie kwenye ndoo ya lita 30. Watu wanajaza hadi ukingoni kwa tamaa ya chupa mbili za ziada, halafu wanaandika barua. Kile kidude chembamba cha kutolea hewa kiweke kando siku za mwanzo, maana kipande kimoja cha hopsi kinatosha kukiziba. Chomeka badala yake mpira mnene, wa inchi moja ukiupata, na ncha ya pili uizamishe kwenye chupa ya maji safi. Nasema safi kwa sababu ndoo ikipozwa ghafla na barafu, hewa ya ndani husinyaa na kuyavuta yale maji kurudi ndani. Maji machafu yakivutwa, umejipikia siki. Kuna wanaotia pia matone ya dawa ya watoto wachanga ya gesi tumboni, yenye simethikoni, kupunguza povu. Yanasaidia. Lakini matone hayafuti kosa la tofali. Ndoo inayochachua usiikandamize kwa kitu chochote, usiifunge kwa kamba wala kwa utepe. Gesi lazima itoke.

Haya yote niliyafanya miaka mingi, beseni na barafu, stima ikipotea nakimbilia barafu ya wauza samaki, bia yangu ya kwanza ikinuka papa kwa mbali. Kisha shemeji yangu, baharia, meli yake ikatia nanga Bergen, akarudi na kipakiti kimoja cha hamira ya Voss.

Wakulima wa Voss, magharibi ya Norwei, wana hamira waliyorithishana ambayo hutiwa kwenye maji ya kimea yakiwa na joto la karibu nyuzi 40. Arobaini! Joto linaloharibu bia ya wengine, yenyewe ndiyo inaamka. Haitoi ile harufu ya dawa ya rangi, inatoa harufu ya chungwa. Ndani ya siku mbili au tatu imemaliza sehemu kubwa ya kazi. Nilipoitia mara ya kwanza, katikati ya kaskazi, bila barafu, bila feni, mke wangu alidhani nimekata tamaa. Tulipoionja alinyamaza, akasogeza glasi tena. Ndugu zangu, tunashindana na joto ambalo tungeweza kuliajiri.

Tangu hapo sijanunua hamira. Kipakiti kile kimezaa vizazi sijui vingapi, na hili ndilo jambo ninalojivunia kuliko cheti chochote kilichoning'inia ukutani kwangu.

Sasa niseme la moyoni. Rafiki yangu mmoja wa kazini aliniomba mbegu. Nikampa chupa nzima, pamoja na maelezo, bure. Muda si mrefu nikamkuta kwenye sherehe Nyali akiwamiminia watu bia yenye harufu ya chungwa, akieleza jinsi alivyoagiza hamira yake kutoka Ujerumani. Nikakohoa. Akanitambulisha: "Huyu ni jirani yangu, naye anajaribujaribu." Kujaribujaribu! Mimi, mjukuu wa mgema. Nilimaliza glasi yangu, nikasifia, nikaenda nyumbani. Kaskazi iliyofuata akaja usiku kuomba nyingine: chupa alikuwa ameikaza kifuniko ikapasuka ndani ya friji, vioo vikaingia kwenye pilau. Nilimpa tena, lakini si kwa furaha. Anayepewa mbegu asipokuwa na adabu ya kumtaja aliyempa, hata adabu ya kuitunza hana. Wengi wenu ni hivyo, na mnajijua. Mnataka bia ya Ijumaa, hamtaki chupa ya kutazamwa Jumatatu.

Utunzaji wenyewe ni huu. Bia ikishatulia na umeihamisha, acha chini maji yake kidogo, tikisa ndoo, na ule uji mweupe uumimine kwenye chupa ya kioo uliyoichemsha pamoja na kifuniko chake. Usiijaze. Kifuniko kikalie tu, usikikaze. Iweke friji, na baada ya siku moja au mbili utaona tabaka: chini machicha ya kahawia, katikati hamira ya rangi ya malai, juu bia. Bia ile ya juu usiimwage, ndiyo blanketi lake. Wapo wanaoosha hamira kwa maji yaliyochemshwa. Mimi sioshi, kwa sababu ukali na kileo cha ile bia huwazuia wadudu wengine kuliko maji matupu.

Usichukue hamira kutoka bia kali sana wala iliyojaa hopsi, maana imeshachoka. Panga upishi wako: anza na bia nyepesi, chukua hamira yake upikie ya kati, kisha nyeusi na nzito iwe ya mwisho. Hamira ya kawaida itumie ndani ya wiki mbili; nusu kikombe cha uji mzito, au zaidi kidogo, kinatosha lita 20. Ile ya Voss kijiko kimoja cha chakula kinatosha. Ikikaa zaidi ya mwezi, iamshe kwanza. Mimi kila nikipika huweka lita moja ya maji ya kimea kabla sijatia hopsi, nikayagandisha. Siku ya kuamsha nayachemsha upya, nayapoza, naitia humo, na kesho yake nikiona povu najua iko hai. Inukie mkate au matunda. Ikinuka siki au yai viza, ikiota utando wa waridi au kijani, imwage bila huruma hata kama ni ya babu yako.

Hamira ya Voss pia hukaushwa. Wenyewe huko Norwei waliichovyea pete za mbao zenye matundu mengi, wakazitundika. Pwani yetu haikaushi kitu kwa kutundika, hasa mvua za Mei, kwa hiyo mimi naipaka nyembamba kwenye karatasi ya kuokea na kuiweka ndani ya ovena, taa imewashwa, moto umezimwa, mpaka ivunjike kama kaki. Si juani, kuna inzi. Ikikauka, naitia kwenye chupa isiyopitisha hewa, ndani ya friza, na hapo hukaa miaka.

Kwa wa Likoni: bia iliyobaki kwenye ndoo usiimwage. Funika kwa kitambaa safi hadi upate mpira, kisha pima kwa haidromita, kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki. Ikianza 1.048 na kutulia 1.010 una kileo cha karibu asilimia 5. Isome siku tatu mfululizo. Namba isipobadilika ndipo utie chupani, na sukari ya kuleta gesi isizidi gramu 6 kwa lita. Tumia chupa nene za bia, si za juisi. Hamira yako hiyo ya dukani ukitaka kuiacha, njoo Mikindani na chupa iliyochemshwa. Lebo nitaiandika mwenyewe, na jina langu litakuwepo.