Siku nne za Krismasi, Dar mpaka Marangu kwa gari dogo? Usithubutu

Mkuu, hiyo gesti ya Marangu, kule Uchagani chini ya Kilimanjaro, usiilipie. Kama umeshatuma advansi piga simu sasa hivi, omba wakurudishie hata nusu.

Umesema mnaondoka Dar tarehe 24 asubuhi na kurudi 27, wewe, shemeji na watoto wawili, na unapima kati ya Marangu na Lushoto. Nimesoma nikajiona mwenyewe, ila mimi niliondoka kwenda Marangu tarehe 23 nikajiona mjanja.

Aliyeniponza ni jamaa wa ofisini, mzaliwa wa huko huko. "Masaa 7 tu kaka, mnafika mnakuta ndizi zinaiva." Alichosahau kuniambia ni kwamba yeye huondoka saa nane za usiku, tarehe 15, peke yake, hana mtoto wa kusimamishia gari kila baada ya nusu saa. Nilipomuuliza Januari akacheka akasema, "Kumbe ulienda mchana?" Tangu siku hiyo chai simnunulii.

Unausikia ule utani kwamba Desemba Wachaga wanarudi nyumbani kuhesabiwa? Nilidhani ni maneno tu, mpaka nikajikuta katikati ya msafara wa wanaokwenda kuhesabiwa, mimi ambaye kwetu ni Lindi. Tuliondoka saa tatu asubuhi. Chalinze, ambapo siku ya kawaida ungefika ukiwa bado na chai tumboni, tulifika saa nane mchana. Mabasi, malori, gari ndogo zenye magodoro juu, wote tunaelekea Segera, na wote tuna haraka. Mvua za vuli nazo hazikuwa zimemaliza hasira zake.

Kabla ya Korogwe mdogo akaanza kulalamika tumbo. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku 2019, kwa hiyo garini hakuna hata mmoja. Mke wangu akafanya uamuzi wa haraka kama daktari wa zamu: akafungua hotpoti ya pilau, pilau lote akalimimina kwenye kanga, hotpoti akampa mtoto. Nikawa naendesha kwa jicho moja kwenye kioo, namsikia mkubwa anauliza, "Baba, sasa tutakula nini?" Swali zuri. Sikuwa na jibu.

Mombo tulifika saa moja jioni. Hapo ndipo mtu mwenye akili angetafuta chumba alale. Mimi nikasema tumekaribia. Tumekaribia wapi, bado kuna Same, bado kuna Mwanga, karibu kilomita 200! Na ule wasiwasi wa kufidia muda ukanigharimu: tochi mbili za kupimia mwendo, sehemu za vijijini zenye kibao cha 50, faini 30,000 mara mbili. Yule askari wa pili aliwaangalia watoto akaniambia, "Mzee, pole na safari," kisha akaniandikia. Nimuonee nini, alikuwa kazini.

Marangu tuliingia saa saba kasoro usiku. Karibu saa 16 barabarani. Mhudumu wa gesti alitufungulia kwa shuka mabegani, jiko limeshafungwa.

Tarehe 24 tulilala mpaka mchana. Tarehe 25 tukaenda maporomoko ya Kinukamori, tukakaa kama dakika 40, watoto wakasema wanataka kurudi kulala. Mlima wenyewe ulijifunika mawingu siku zote mbili. Mwanangu mpaka leo anaamini Kilimanjaro iko kwenye picha tu. Tarehe 26 tukageuza, maana 27 nilitakiwa kazini. Kurudi barabara ilikuwa nyeupe, wenyewe wanabaki huko mpaka Januari, lakini kilomita zaidi ya 500 hazipungui kwa sababu foleni imeisha. Mafuta pekee yalikata laki mbili na themanini. Kwa siku moja na nusu ya usingizi! Ningelala bure nyumbani kwangu Tabata.

Kwa hiyo shika hii moja tu: kila usiku mmoja utakaolala huko, saa moja ya njia kwenda. Una usiku 3, basi saa 3, basi. Na hizo saa zihesabu za tarehe 24 Desemba, usihesabu za ramani ya simu uliyofungua Jumanne usiku.

Lushoto ukiipima hivyo inaanguka. Watu wanaona Mombo kwenye ramani wanadhani wamefika, wakati bado kuna kilomita thelathini na kitu za kupanda, kona juu ya kona. Ukiwa na mtoto kama wangu, beba hotpoti mbili.

Mwaka uliofuata tulikwenda Morogoro kwa treni ya SGR, ambayo inabeba abiria tangu 2024. Kama saa mbili hivi tuko Moro, hakuna tochi, hakuna Chalinze. Tukapanda Uluguru mpaka Morningside kwa miguu taratibu, siku ya pili tukakodi gari kwenda Mikumi, watoto wakahesabu twiga badala ya malori. Kama hutaki kabisa kuacha gari, Bagamoyo ipo, kilomita 70 hivi tu, bahari ile ile.

Ila tiketi za treni usingoje tarehe 20. Kata leo, kwa simu, ukiwa umekaa hapo hapo unaposoma.