Jibu kwa mdau wa Pongwe: sheawea au programu huria kwa stesheneri

Mkuu salama? Swali lako nililiona tangu juzi nikawa nangojea wataalamu, naona waliokuja ni wa kutukanana kuhusu Linux tu, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Umesema unafungua stesheneri Pongwe hapa Tanga, mashine mbili, fundi kakuwekea WinRAR, ile ya kubana na kufungua mafaili, inayokukumbusha kununua kila ukiifungua, Ofisi ya Microsoft ya kukraki, yaani iliyovunjwa kufuli ya leseni, na kakwambia zote ni bure, sasa unataka kujua hizi za majaribio, yaani sheawea, na zile za huria zina faida gani na hasara gani. Mie niko Ngamiani na kazi ndiyo hiyohiyo, kuprinti, kuskani, barua za maombi ya kazi, picha za pasipoti, kukata video za harusi, basi nakujibu kama mwenye duka, sio kama mwalimu wa kompyuta.

Kwanza kraki itoe kwenye hesabu kabisa. Ile si sheawea na si huria, ni wizi, halafu kila kraki inaanza kwa kukwambia zima antivirusi. Mashine ya stesheneri inapokea flashi za mji mzima, mwanafunzi wa chuo, mwalimu, karani wa msikiti, wote hao, ukishazima antivirusi siku mbili tatu tu folda za watu zinageuka shotikati na kila anayetoka kwako anapeleka ugonjwa kwake pamoja na jina la duka lako.

Haya, sheawea. Hii kitu ina heshima yake kuliko watu wanavyodhani. Ilianza Marekani 1982, Andrew Fluegelman na PC-Talk yake ya kuunganisha kompyuta kwa simu na Jim Knopf na PC-File ya kutunza kumbukumbu, walichofanya ni kuachia watu wakopiane disketi bure, ukiona inakufaa mtumie mwenyewe pesa. Mwaka uliofuata Bob Wallace akaleta PC-Write ya kuandikia barua akaongeza utamu, ukilipia dola 75 unasajiliwa, na mtu mwingine akijisajili kupitia kopi uliyomgawia basi na wewe unapata kamisheni ya dola 25. Gemu la Doom nalo 1993 ilipita njia hiyo, sehemu ya kwanza unacheza bure, zilizobaki unaagiza kwa hela. Ni biashara ya kuaminiana, muuzaji anatangulia kukuamini wewe. Ndiyo maana WinRAR inakwambia siku 40 za majaribio, zikiisha hakuna kinachofungwa, unabaki na kile kidirisha tu. Ila masharti yako wazi kwamba baada ya hapo ununue, kwa hiyo huyo fundi wako aliyesema ni bure kakudanganya, haifungi lakini bure siyo.

Faida ya kweli ya sheawea ni kwamba kuna mtu anakula kupitia ile programu, kwa hiyo ana sababu ya kuamka asubuhi airekebishe. Mpwa wangu Makorora anarekodi kasida na vikundi vya maulidi, anatumia REAPER, programu ya kurekodia sauti. Unaishusha, haizidi bando la kawaida, unapewa siku 60 ikiwa nzima bila kitu kilichofungwa, na leseni yake kwa mtu mdogo ni dola 60. Kabla yake alijaribu Audacity ambayo ni huria na nzuri tu kwa kukata sauti, lakini kikundi cha watu kumi na madufu yao, kila maiki na njia yake, akawa anahangaika. Akalipa. Na mie nilimwambia alipe, maana inamwingizia hela kila wiki kipindi cha maulidi, sasa unamnyima nini aliyeitengeneza.

Kulipa zamani ndio ilikuwa kikwazo, huna kadi huna chochote, siku hizi kadi za Visa za kwenye simu zinatoka dakika moja kwa hiyo kisingizio kimepungua. Hela yenyewe ya dola inauma, hilo silipingi.

Sasa ubaya wake, na hapa naomba ukae vizuri maana ndiko watu wanakoumia. Kuna jirani yangu ana shule ya awali, alinunua kiprogramu cha kutengenezea ripoti za watoto, cha bei ndogo tu, kilianza kama cha majaribio akakipenda akalipia. Kinahifadhi kila kitu kwenye faili la aina yake mwenyewe ambalo hakuna programu nyingine inalifungua. Kompyuta ikafa. Akanunua nyingine, akainstoli, kinadai kisajiliwe upya kwenye seva, seva haipo, tovuti haipo, barua pepe inarudi. Mafaili anayo yote kwenye flashi, anayaona, ukubwa wake unaonekana, lakini alama za miaka yote ya nyuma hazifunguki. Aliniletea nikalifungua moja kwa Notipadi yakatoka majina mawili matatu ya watoto katikati ya takataka za alama, basi. Na alilipa yule, hakuiba! Mwenye programu kachoka au kafa au kapata kazi nyingine, na kazi yako inaondoka naye.

Utakutana nayo hata kwenye printa. Hizi printa za matangi ya wino zina kaunta ya ile pedi inayonyonya wino uliotumika, ikijaa printa inagoma kabisa taa zinawakawaka. Fundi anakuja na kiprogramu, kuna ufunguo wa majaribio, yaani namba za kuandika kwenye kiprogramu, unakurudishia nafasi kidogo unachapa chapa, halafu unaambiwa nunua ufunguo, na ufunguo mmoja ni wa kurudisha mara moja tu. Ikijaa tena nunua tena. Mie nanunua, wateja wako mlangoni wakati wa fomu za shule nifanyeje, ila sijawahi kuipenda biashara ya namna hiyo.

Programu huria ndio dawa ya jambo hilo. Kinachofanya iitwe huria ni leseni inayokuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuona jinsi ilivyoandikwa, kuibadilisha na kumgawia mwenzio, mambo ambayo Richard Stallman alianza kuyapigania na mradi wake wa programu huria wa GNU 1983. Utasema mie sijui kuandika programu, inanihusu nini? Angalia OpenOffice, ile ofisi huria ya kuandikia barua na majedwali. 2010 Oracle wakaipata pamoja na kampuni ya Sun, watengenezaji wengi hawakuridhika, wakachukua ule msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu, wakaondoka nao wakaanzisha LibreOffice, na mpaka leo faili ulilotengeneza enzi hizo linafunguka. Mwenye mali kabadilika, kazi ya watu imebaki. Hata sisi tulifaidi huko nyuma, 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili, na hawakuwa na haja ya kumbembeleza mtu Marekani awauzie ruhusa.

Halafu linganisha na hii. Februari 2019 watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza tundu kwenye WinRAR lililokaa humo miaka 19 na zaidi, liko kwenye kipande cha kufungulia mafaili ya ACE, aina nyingine ya mafaili yaliyobanwa. Hicho kipande kilitoka nje na wenye WinRAR wenyewe hawakuwa na msimbo wake, hawawezi kukirekebisha, ikabidi waondoe ACE moja kwa moja. Na WinRAR haijiapdeti yenyewe, kwa hiyo mashine ngapi hapa Tanga bado zina toleo lile la zamani alilokuja nalo fundi kwenye flashi, Mungu anajua.

Lakini msije mkaniimbia kwamba huria ni pepo. Kuna mtu alijipenyeza kwenye mradi wa xz, programu huria ya kubana mafaili, miaka kadhaa akajifanya mchangiaji mwema mpaka akaweka mlango wa siri, ikaja kugunduliwa Machi 2024 na Andres Freund wa Microsoft kwa sababu kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba. Msimbo ulikuwa wazi akaweza kuchimba, sawa, ila ule mradi ulikuwa unabebwa na mtu mmoja amechoka, halipwi. Hiyo ndiyo kasoro ya huria na haifichiki.

Na dukani kwako kasoro utaiona kila siku. Mteja analeta CV ya Word, unaifungua kwa LibreOffice, mistari inahama, ukurasa mmoja unakuwa miwili, anakuangalia kama umemharibia maisha. Mara nyingi ni fonti tu, imeandikwa kwa Calibri au Cambria na wewe huna, weka Carlito na Caladea ambazo ni huria na upana wa herufi ni uleule, shida nyingi zinaisha. Majedwali ya ajabuajabu na mapambo bado yatakusumbua, mwambie mteja akutumie PDF. GIMP nayo, ile huria ya kurekebisha picha, kijana uliyemwajiri kajifunza Photoshop, mpe GIMP atakaa kwenye picha moja ya pasipoti nusu saa huku foleni inakua, na hapa mjini wa kumfundisha humpati kirahisi.

Kwa mashine zako mbili mie ningefanya hivi: ile WinRAR toa weka 7-Zip, inafungua RAR vilevile, ila kutengeneza RAR haiwezi, na hakuna mteja atakayekudai RAR. VLC kwa video maana flashi za harusi zinakuja na kila aina ya faili. LibreOffice zote mbili. Mashine moja nunua Ofisi ya halali kwa ajili ya hao wa CV, irudishe hela yake taratibu. Chochote kinachotunza kumbukumbu zako, madeni, wateja, stoku, kiwe kwenye faili linalofunguka na programu zaidi ya moja. Sheawea chukua pale tu inapokuzidishia kazi, na siku za majaribio zikiisha lipa au ifute.

Na unaposhusha nenda tovuti ya wenyewe, videolan.org, 7-zip.org, libreoffice.org, zile kurasa zenye vitufe vitatu vya kijani vyote vimeandikwa pakua usiziguse. Ukishazipata zihifadhi kwenye flashi moja ambayo haiguswi na mteja, usile bando mara mbili.