Piga hodi kwanza: majibu ya maswali yenu kuhusu vijiji vya Himalaya

Maswali ya mwezi huu ni mengi, na karibu nusu yake yanauliza jambo lile lile. Acha nianze nalo.

Nitajie kijiji cha Himalaya kisichojulikana kabisa, ambacho watalii hawajakanyaga. Nataka niwe wa kwanza. (Msomaji, Dar es Salaam)

Hakipo, na kingekuwepo nisingekutajia. Kila kijiji kinajulikana na wenyewe: kina jina, kina mipaka ya malisho, kina zamu ya maji ya kumwagilia, kina ugomvi wa zamani baina ya koo. Wewe ndiye usiyejulikana pale.

Chukua Langza, katika bonde la Spiti kaskazini mwa India, mita kama 4,400 juu ya usawa wa bahari. Nyumba za udongo zenye paa bapa, sanamu kubwa ya Buddha inayotazama bonde, na nyuma yake mlima wa theluji. Jirani yake ni Hikkim, yenye posta ndogo iliyofunguliwa mwaka 1983, halafu Komic. Wengi wanaokwenda "kugundua" huvimaliza vijiji vyote vitatu kwa gari asubuhi moja, wakatuma kadi kutoka posta ile, na mchana wakarudi Kaza, mji mdogo wa bonde hilo, kula. Kijiji kinabaki na vumbi lao.

Mimi nililala Langza usiku nne, mwishoni mwa Oktoba. Usiku wa pili bomba liliganda. Alfajiri mama mwenye nyumba akatoka na dumu, akarudi baada ya muda mrefu na maji ambayo kwetu yangetosha kuosha vikombe vya chai tu. Chumba chenye joto kilikuwa kimoja, cha jikoni, chenye jiko la bati na bomba la moshi lililotokeza darini. Kuni hakuna, maana miti haioti kule. Wanachoma samadi ya yaki na ng'ombe, iliyookotwa na kuanikwa kiangazi chote, nayo huhesabiwa: ikiisha Februari, hakuna duka la kwenda kununua. Kijana mmoja mgeni akaomba maji ya moto ya kuoga. Akapewa ndoo nzima, kwa kuwa mgeni hanyimwi. Nilimwona yule mama akiongeza samadi jikoni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hakusema neno.

Kwa hiyo niulize swali jingine: kijiji gani kina nyumba zinazopokea wageni, nikalale siku tatu, nile wanachopika na nilipe wanachotaja? Hapo nitakujibu. Langza ni kimojawapo, na Kibber ni kingine. Na watoto wakikuletea viumbe wa bahari wa kale, wenye magamba yanayofanana na ya konokono, waliogeuka mawe (ardhi ile ilikuwa chini ya bahari zamani, kabla milima haijainuka), wasifie, yashike, kisha warudishie. Usinunue. Kila jiwe linaloshuka kwenye begi la mgeni halirudi tena.

Nimefika kilele cha Uhuru mara mbili bila shida. Nina siku tano tu za likizo. Naweza kuruka kutoka Delhi hadi Leh na kesho yake nikaenda vijijini? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Swali hili nimelijibu mara tatu, na leo nalijibu kwa urefu ili lisirudi.

Kilimanjaro ulipanda kwa miguu, siku sita au saba, ukiambiwa pole pole kila saa. Mwili ulipewa nafasi. Kwenda Leh, mji wa Ladakh kaskazini mwa India, unapanda ndege Delhi, ambako ni tambarare, na baada ya saa moja na kitu unashuka kwenye mita 3,500. Mwili haujui kwamba wewe ni shujaa wa Uhuru. Hata mazoea uliyoyapata Kilimanjaro yaliisha wiki chache tu baada ya kushuka. Hayawekwi akiba.

Ukifika Leh, lala siku mbili nzima bila kupanda popote. Kunywa maji, acha pombe, acha dawa za usingizi. Ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kutoka usiku mmoja hadi mwingine, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja. Kichwa kikiuma na chakula kikakushinda, usipande zaidi hadi kipone. Ukiona mwenzako anayumba kama mlevi, anasema yasiyoeleweka, au anahema akiwa amekaa na kifua kinakoroma, mshushe saa hiyo hiyo, usiku kwa usiku. Usingoje asubuhi. Kuna dawa ya asetazolamidi ambayo husaidia mwili kuzoea. Muulize daktari wako kabla ya safari, si muuza duka.

Wa Spiti nao wasikilize. Njia ya Manali inakutoa mita 2,000 na kukuvusha kipito cha Kunzum, zaidi ya mita 4,500, mara nyingi ndani ya siku moja. Ni njia fupi na ndiyo inayolaza watu kitandani Kaza. Pita Shimla na Kinnaur: Kalpa, Nako, Tabo, ndipo Kaza. Mgeni wa nje ya India anahitaji kibali kwa kipande cha Kinnaur hadi Spiti, na kinatolewa Shimla au Reckong Peo. Kama una siku tano tu, Arusha kuna Meru. Himalaya isubiri likizo ndefu.

Je, kuingia India natakiwa kuwa na cheti cha homa ya manjano? (Msomaji, Nairobi)

Ndiyo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, vinginevyo unaweza kuwekwa karantini. Kadi ya njano ikae pamoja na pasipoti, isikae kwenye begi kubwa.

Mimi ni Mwislamu. Huko milimani si kote ni mahekalu ya Kibudha? Nitakula nini, nitasali wapi? (Msomaji, Mombasa)

Nimefurahi umeuliza, maana watu wanadhani Himalaya ni ya dini moja. Nenda Turtuk, ndani ya Ladakh, kando ya mto Shyok. Wakazi ni Wabalti, Waislamu. Hadi mwaka 1971 kijiji kilikuwa upande wa Pakistani. Vita vya mwaka huo vikakiacha India, na familia zikakatwa katikati, ndugu huku na ndugu kule. Watalii waliruhusiwa kuingia mwaka 2010 tu. Utasikia adhana, utakula mkate wa ngano nyeusi na aprikoti zilizoanikwa juu ya paa. Kipo chini kidogo, karibu mita 3,000, ila njia ya kutoka Leh inapanda kipito cha Khardung La, zaidi ya mita 5,300, basi jibu la Arusha hapo juu linakuhusu hata wewe. Kibali cha eneo la mpakani ni lazima. Na tafadhali, ukimkuta mzee wa pale, usianze kwa kumhoji habari za mpaka. Msalimie, kaa, kunywa chai. Akitaka kusimulia atasimulia.

Sehemu za Wabudha, vijijini chakula kingi ni unga wa shayiri, mchuzi wa tambi, njegere na viazi. Sema mapema kwamba huli nyama isiyochinjwa kwa dini yako. Wataelewa.

Nasikia Malana kuna bangi bora duniani na watu hawakubali kuguswa. Nifikeje? (Msomaji hakutaja mji)

Bangi India ni kosa la jinai, na gereza la ugenini ni gereza. Kuhusu kuguswa: Malana ni kijiji cha Himachal Pradesh, India, na wenyewe wana desturi zao na mungu wao, Jamlu, na mwaka 2017 waliamua wageni wasilale kijijini. Wakati mwingine mwenye nyumba anasema hodi haikubaliwi. Mheshimu.

Niwabebee watoto nini? Nimefikiria pipi na kalamu. (Msomaji, Kampala)

Usigawe chochote barabarani. Pipi zinaoza meno mahali ambapo daktari wa meno yuko safari ya siku nzima, na kalamu zinamfundisha mtoto kukimbilia gari la mgeni badala ya kwenda shule. Kama una moyo wa kutoa, mwone mwalimu, muulize shule inakosa nini. Kwa mwenye nyumba, beba kahawa au majani ya chai ya kwenu, umpe kwa mikono miwili siku ya kuondoka.

Nibebe simu ya setilaiti kwa usalama? (Msomaji, Muscat)

Usiingie nayo India bila kibali cha serikali. Wageni wamekamatwa kwa hilo.

Nepali naweza kutembea milimani bila kiongozi? Wapagazi ni ghali. (Msomaji, Moshi)

Tangu Aprili 2023 serikali inataka mgeni awe na kiongozi aliyesajiliwa kwenye njia nyingi, na maeneo kama Mustang ya Juu na Dolpo yana kibali chake maalumu kupitia wakala. Ila hilo la ughali limenichoma. Wewe ni mtu wa Moshi. Wagumu, wapagazi wa Kilimanjaro, unawajua, unapishana nao sokoni, na unajua tulivyopigania mzigo usizidi kilo 20. Mpagazi wa Nepali ana mgongo ule ule. Kabla hujalipa wakala, muulize mpagazi atalala wapi, ana viatu gani, akiugua nani atamshusha. Akibabaika, tafuta mwingine.

Mwezi gani ni mzuri? Mimi likizo yangu ni Agosti. (Msomaji, Kigali)

Agosti ni masika yao, na milima inaporomoka. Tarehe 16 Agosti 2024 maziwa ya barafu yalipasuka juu ya Thame, kijiji cha Washerpa huko Khumbu, Nepali, maji yakazoa nyumba, shule na zahanati. Tarehe 5 Agosti 2025 tope lilishuka juu ya Dharali, katika jimbo la Uttarakhand, India, na hoteli za ghorofa zikatoweka watu wakitazama kutoka ng'ambo. Hoteli zile zilijengwa kwa ajili ya wageni, kwenye njia ya mto, na hilo nalisema kila mwaka: usilale kwenye nyumba iliyo kitakoni mwa korongo, hata iwe na bei nzuri namna gani.

Spiti na Ladakh hupata mvua kidogo, lakini barabara za kuzifikia hupita kwenye maporomoko hayo hayo. Mwombe mwajiri wako akubadilishie. Nepali nenda Oktoba au Novemba. Spiti, Septemba. Akikataa miezi hiyo, mwombe Juni mwanzoni uende Spiti, theluji ya njiani ikiwa imezolewa na njegere ndiyo kwanza zinachipua.