Projekta Haijui Bamvua

Juzi usiku nimepata ujumbe wa mwalimu kijana, ajira mpya, yuko shule ya kata huko Muheza. Ananiandikia: "Shikamoo mwalimu. Tumeletewa projekta na laptopu mbili na watu waliosoma hapa zamani. Mkuu kanikabidhi mimi kwa kuwa ndiye mdogo ofisini. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Nimecheka hapo kwenye "ndiye mdogo ofisini", maana na mimi nilikabidhiwa hivyo hivyo, ila sikuwa mdogo, nilikuwa na mdomo. Nilisimama kikaoni nikasema Jiografia ya chaki imepitwa na wakati, watoto wa Tanga wanastahili kuona volkano wala si kuchorewa. Wenzangu wakanyamaza kidogo, mkuu akasema haya, ufunguo wa kabati huu hapa.

Wiki za kwanza nilijiona mfalme. Kidato cha Kwanza wananisubiri mlangoni, na madirishani wamening'inia wa Kidato cha Tatu ambao kipindi wala si chao. Darasa lilikuwa na mwanga mkali, kwa hiyo nilibeba doti mbili za kanga za mke wangu nikazifunga madirishani. (Moja haikurudi. Hilo bado lina kesi nyumbani.) Volkano ikilipuka ukutani watoto wanapiga kelele utadhani Coastal kafunga bao Mkwakwani. Mimi nimesimama pembeni, mikono nyuma, natabasamu kama niliyeipika lava mwenyewe.

Siku ya wathibiti ubora LUKU ya shule iliisha dakika ya nane ya kipindi. Notisi zangu zote zilikuwa kwenye flashi. Hayo yaliyofuata siyaelezi, mwalimu yeyote anayajua.

Lakini siyo hilo lililoniumiza. Umeme kukatika ni jambo la kila mtu, unasingizia na watu wanakuelewa. Lililoniumiza ni mada ya kujaa na kupwa kwa maji.

Nilipakua video nzuri sana, bando la kwangu mwenyewe. Ilipigwa Ghuba ya Fundy, kule Kanada, mahali ambapo maji hupanda kuliko popote duniani, hadi mita 16 hivi. Ghuba ile ni ndefu na umbo lake ni kama faneli, basi maji yakisukumwa ndani yanakuzwa. Unaona mashua zimelala kwenye tope, kisha unaziona zinaelea juu usawa wa gati. Msimulizi anaongea Kiingereza cha puani, mbio mbio. Nikawasha, nikapunguza mwanga, nikaenda kukaa dawati la nyuma kusahihisha madaftari ya Kidato cha Pili.

Rudia kuisoma sentensi hiyo, mwanangu. Nilikaa nyuma kusahihisha madaftari. Dhambi yote iko hapo. Projekta haikuniomba niondoke mbele ya darasa, niliondoka mwenyewe.

Mtihani wa nusu muhula ukaja. Swali: eleza kujaa na kupwa kwa maji, utoe mfano. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika kwamba bahari ya Tanga hupanda mita 16. Mita 16 ni ghorofa tano! Binti mmoja, mwaminifu kuliko wote, aliandika hivyo kisha akaongeza kwa penseli pembeni: mbona nyumba zetu za Sahare hazizami? Mwenzangu mmoja alilichukua jibu lile akalisoma kwa sauti ofisini, saa ya chai, chapati mkononi. Kicheko kilichopigwa siku ile nakisikia mpaka leo. Kuanzia hapo nikawa "Mwalimu Sinema". Wanafunzi wakalidaka, na mwaka uliofuata hata wazazi. Watu wanasema jina la utani halichubui. Waulize wenye majina.

Nilirudisha ufunguo wa kabati. Muhula mzima nikafundisha kwa chaki kama mtu aliyenuna, na kusema kweli nilikuwa nimenuna. Chaki nayo haikuniokoa, maana mtu aliyenuna hafundishi.

Kilichonitoa ni kijana mmoja wa Sahare. Nilikuwa narudia mada ile ile na darasa jipya. Nikaandika ubaoni lile jina la Kiingereza la maji makubwa, nikauliza nani analijua. Kimya. Nikajaribu la maji madogo. Kimya. Basi tu, kwa kuchoka, nikaandika chini yake: bamvua, maji mafu. Darasa zima likageuka. "Si useme tu, mwalimu!" Yule kijana akasimama bila kuitwa akaeleza kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na yanakauka sana, babu yake ndiyo hungoja siku hizo aende mwambani kwa pweza. Mwezi ukiwa nusu, maji mafu, hayendi mbali. Akasema tena kwamba kila siku maji yanachelewa, leo saa nne, kesho yanakaribia saa tano. Ni dakika 50 hivi, kwa kuwa mwezi nao unasogea wakati dunia inajizungusha. Hiyo sababu ndiyo aliyokosa, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mengine yote alikuja nayo kutoka nyumbani.

Nikajiuliza nilikuwa naenda Kanada kutafuta nini.

Jumamosi ya bamvua tukashuka Sahare. Ijumaa yake, maji yalipopwa, babu wa yule kijana alikuwa ametufungia mwanzi kwenye nguzo ya mwisho ya gati bovu, tumeupaka alama ya rangi kila nusu mita. Nilimwamkia, akaitika, akauliza: "Sasa mwalimu, haya maji mnayapima ili yaongezeke au yapungue?" Nikasema tunayapima tu, mzee. Akatikisa kichwa akaenda zake.

Mimi nilikuja na kimoja cha vile vishikwambi tulivyopewa walimu baada ya Sensa ya 2022, ambacho mpaka siku hiyo kilikuwa na kazi ya kuhifadhi picha za harusi. Tukakiweka juu ya jiwe lile lile, kinatazama mwanzi, tukapiga picha kila robo saa kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tano na nusu. Picha 19. Anayepiga picha anataja alama, mwingine anaandika daftarini. Picha ya 15, saa nne na nusu, maji yalikuwa yameshuka mita mbili na kidogo na yamesimama kabisa, mpaka wasichana wakaanza kubishana kama bahari imelala. Ya 16 yakaanza kurudi. Ya tisa ina dole gumba la mtu, nusu ya bahari haionekani.

Jumatatu nikaomba ufunguo wa kabati. Nikazipitisha zile picha ukutani haraka haraka, moja baada ya nyingine. Bahari yao wenyewe, ikishuka na kupanda kwenye mwanzi wao wenyewe. Hakuna aliyepiga kelele kama siku ya volkano. Walikuwa wanahesabu. Baada ya hapo ndipo nikawawekea Fundy, na sasa video ile ile ilikuwa na maana, kwa sababu swali lilitoka kwao: kwa nini kule mita 16 na kwetu ni tatu na ushei? Nasema bila kujisifu, ingawa najisifu kidogo: mtihani uliofuata hakuna aliyeizamisha Tanga.

Kwa hiyo umeniuliza uanzie wapi. Anzia kwenye somo. Ukishalijua somo lako mpaka unaweza kulifundisha gizani, washa projekta. Usipolijua, projekta itakuanika mbele ya watoto. Somo kwanza. Walimu wenzangu wa mjini mnaoniambia watoto wa leo hawasikii bila kioo cha kompyuta, mimi nawajibu kwamba watoto wa leo wanasikia vizuri sana, tatizo tunawasemesha kwa sauti ya mtu mwingine. Hata UNESCO, kwenye ripoti yake ya elimu ya dunia ya 2023, walisema teknolojia isichukue nafasi ya mwalimu aliye mbele ya wanafunzi. Kule Sweden, walikokimbilia vioo mapema, mwaka huo huo serikali ilikuwa inawarudishia watoto vitabu vya karatasi. Sisi tusikimbilie wanakorudi wenzetu.

Ila pia usiifungie kabatini kwa woga, kama nilivyofanya mimi kwa hasira. Vifaa vya msaada shuleni ni kama wageni wa Tanga, waja leo waondoka leo, vumbi na chumvi ya bahari havina huruma na laptopu. Itumie ingali nzima. Na ukishalijua somo, nimekwisha kusema, washa.

Kanga za dirishani, nunua zako.

Mwezi ukiandama hesabu siku moja au mbili. Jumamosi ikiangukia hapo, waombee ruhusa vijana wako uwalete Sahare, mwanzi bado upo. Mfike saa moja kamili asubuhi. Kishikwambi kichaji nyumbani usiku wake, LUKU ya shule usiitegemee. Na yule atakayeshika kamera, mwambie aangalie dole gumba.