Shukrani kwa Muuzaji wa Khanga

SWALI: Mhariri, nilikwenda Kariakoo kununua doti ya khanga ya kumpelekea mavyaa wangu. Niliyoipenda kwa rangi zake, kijana muuzaji alinisomea taratibu jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye khanga, akaniuliza kwa adabu kama nimekusudia kumpiga mama kijembe, kisha akafungua robota zima mpaka tukapata yenye maneno ya heri, ingawa ilikuwa ya bei ndogo zaidi. Nilipompa shilingi 5,000 za soda alikataa. Nimshukuruje?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada yetu, huyo ni muuzaji anayeijua bidhaa yake, kwani khanga husomwa kabla ya kuvaliwa, na wengi wetu (hata hapa ofisini) tumewahi kuvutiwa na pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, tukasahau jina. Usimsukumizie fedha tena. Huenda tajiri wake hapendi wafanyakazi wapokee chochote kutoka kwa wateja. Rudi dukani ukiwa na risiti, umwombe tajiri dakika mbili, umweleze kijana alifanya nini hasa na siku gani, maana sifa ya jumla kwamba duka lina huduma nzuri haimwonyeshi ni nani anayestahili kuongezwa mshahara. Asipokuwepo, mwachie barua fupi yenye maelezo hayo hayo. Vilevile, ndugu wanaotafuta khanga za harusi waelekeze kwa kijana huyo, nao wamtaje wanapofika, hasa ikiwa analipwa kwa kamisheni.