Insha ya hoja kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: profesa anataka nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuo huku Marekani, tumepewa insha rasmi ya hoja kuhusu chanzo cha vita vya 1861 hadi 1865. Nikaanza hivi: "Vita vilisababishwa na mambo mengi ya kiuchumi, kisiasa na kijamii." Profesa kaandika pembeni kwamba hapa hakuna hoja. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Profesa yuko sahihi, hiyo sentensi hakuna atakayeipinga, na kama hakuna wa kuipinga basi hiyo ni taarifa tu. Wengi wetu sekondari tumezoea "eleza sababu sita", unazipanga unapata maksi zako, ila huko wanataka uchague upande mmoja uutetee mpaka mwisho.

Jaribu hivi: "Majimbo ya Kusini yalijitoa kwenye Muungano wa Marekani ili kulinda utumwa, na dai kwamba yalikuwa yanatetea haki za majimbo linapingwa na maandishi yao wenyewe." Haki za majimbo ni ile ya kila jimbo kujiamulia mambo yake bila kuingiliwa na serikali kuu. Hapo watu watabisha, tena wako wengi tu huko, kwa hiyo una kazi ya kufanya.

Sasa ushahidi, na hapa ndo usiwe na haraka. Soma tamko la South Carolina la Desemba 1860, jimbo la kwanza kujitoa. Wanalalamika nini? Kwamba majimbo ya Kaskazini yametunga sheria zao za kukwamisha urudishaji wa watumwa waliotoroka, wakati sheria ya shirikisho ya 1850 inataka warudishwe. Yaani Kaskazini ndo wanatumia haki za jimbo lao na Kusini wanakasirika! Hiyo peke yake inakupa aya nzima, usiipitie juu juu. Halafu Mississippi, Januari 1861, wanasema waziwazi msimamo wao umefungamana kabisa na utumwa. Machi mwaka huo huo Alexander Stephens, makamu wa rais wa Kusini, akahutubia Savannah akasema msingi wa serikali yao mpya ni kwamba mtu mweusi hayuko sawa na mzungu.

Angalia sana tarehe. Stephens huyo huyo na rais wake Jefferson Davis, vita vilipoisha wameshashindwa, wakaandika vitabu vinene kusema ugomvi ulikuwa wa katiba. Lipi lina uzito, alichosema mtu wakati anajitoa au alichosema baada ya kushindwa? Liulize swali hilo ndani ya insha na ulijibu. Wapo pia wanaosema chanzo kilikuwa ushuru wa bidhaa, dai hilo nalo lipime kwa tarehe hivyo hivyo, maana ile sheria ya kuupandisha ilisainiwa Machi 1861, majimbo saba yalishatangaza kujitoa.

Hoja pinzani usichague ile dhaifu. Iliyo kali ni barua ya Abraham Lincoln, rais wa Marekani aliyeongoza upande wa Kaskazini, ya Agosti 1862 kwa Horace Greeley, mhariri wa gazeti New York, anasema lengo lake ni kuokoa Muungano, hata kama ni bila kumkomboa mtumwa yeyote. Ukiificha profesa atakuuliza. Iweke, halafu tenganisha maswali mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku: kwa nini Kusini walijitoa, na kwa nini Kaskazini walipigana. Barua inajibu la pili, hoja yako ni ya kwanza, kwa hiyo haibomoki, tena msomaji anaona umeikabili kiume.

Lugha iwe rasmi, toa "mimi nadhani" zote, na kila nukuu iwe na tanbihi kwa mtindo wanaotumia chuoni kwenu. Utangulizi uandike mwisho kabisa. Anza na aya ya South Carolina, ukishaiandika rudi kwenye sentensi ya hoja uirekebishe, maana mara nyingi ushahidi unakulazimisha useme kitu kidogo tofauti na ulichopanga, na hicho ndo cha kumpelekea profesa.