Muulize Fundi: Nitengeneze mashine ya nyasi au ninunue nyingine?

SWALI

Fundi, shikamoo. Nina mashine ya petroli ya kufyekea nyasi, ile ya kuning'iniza begani kwa mkanda, yenye kichwa cha uzi. Huu ni mwaka wa sita ninayo. Kiangazi chote ilikaa stoo. Mvua zilipoanza nikaitoa, ikawaka kwa taabu. Nikiiacha na choki inanguruma, lakini nikitoa choki, au nikiiongezea mafuta, inazima. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Ile ya zamani ilikuwa kavu, nyeupe nyeupe kwenye ncha. Haikusaidia. Wa pili akavuta kamba kidogo, akasema injini imekwisha, nitafute mpya. Mume wangu anataka tununue ya betri tuachane na mambo ya kuchanganya oili. Mimi bado naitaka hii, kwa sababu nyuma ya nyumba kuna mteremko mrefu wenye majani magumu. Nitengeneze au ninunue?

JIBU

Marahaba, binti yangu. Usinunue kwanza. Na tafadhali usiiwashe tena mpaka umalize kusoma hapa.

Barua yako ina ushahidi ambao mafundi wote wawili wameupita. Injini inayokubali kwenda na choki tu ni injini yenye njaa ya mafuta. Choki inabana hewa, kwa hiyo hata petroli kidogo inayofika inatosha kuwaka. Ukiitoa, hewa inaingia tele, petroli haitoshi, inazima. Plagi kavu yenye weupe inasema jambo hilo hilo. Kwa hiyo dalili zako zinaanzia kwenye njia ya mafuta, yaani tangi, mipira, kichujio na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), na hizo zote ni spea ndogo.

Sasa nikueleze kwa nini nakukataza kuiwasha. Injini ya gari ina oili yake chini, inazungushwa na pampu. Mashine yako haina. Oili inakuja ndani ya petroli uliyoichanganya, na ndiyo inayolainisha pistoni, silinda na beringi. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Kila unapoilazimisha kwenda katika hali hiyo, pistoni inasugua silinda ikiwa kavu, na ugonjwa wa kabureta, ambao ni mdogo, unaweza kugeuka ugonjwa wa silinda, ambao ni mkubwa. Swali lako la kutengeneza au kununua linaamuliwa hapo: je, pistoni bado ni nzima?

Jibu lake unaweza kuliona kwa macho kabla hujatoa hela ya spea yoyote. Ngoja injini ipoe kabisa, chomoa waya wa plagi, fungua kava, kisha fungua boliti za eksozi. Kwa mashine nyingi ni mbili tu. Eksozi ikitoka utaona tundu ubavuni mwa silinda. Vuta kamba polepole sana mpaka ubavu wa pistoni uje uzibe tundu hilo, halafu mulika kwa tochi. Pistoni nzima ina ubavu laini, unaong'aa, pengine una rangi ya kahawia ya oili iliyoungua. Unachokitafuta ni mikwaruzo ya wima, inayotoka juu kwenda chini. Ukiiona ya kina, ile ambayo ncha ya kijiti inakwama ukiipitisha juu yake, pistoni imekwisha kuumia. Kisha sogeza pistoni mpaka ringi, ile pete ya chuma inayoizunguka, ionekane tunduni, uibonyeze kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi. Inatakiwa iingie kidogo na kurudi. Isiporudi imeganda kwa kaboni.

Ukiwa bado umeishika eksozi mkononi, angalia kama ina kiwavu kidogo cha chuma kwenye mdomo wa kutolea moshi. Kazi yake ni kuzuia cheche zisiwashe majani makavu. Kinapojaa masizi, injini inanguruma vizuri ikiwa kwenye mzunguko wa chini lakini inakataa kupanda. Kisugue kwa brashi ya waya ukirudishe. Inaniuma kuona mashine nzuri zikiuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya kiwavu kilichoziba.

Yule fundi wa pili alipima kwa mkono. Mkono wa mzoefu unajua kitu, siudharau, lakini kuhukumu injini kifo bila geji ya kompresheni, yaani kipimo cha jinsi injini inavyobana hewa ndani ya silinda, si haki kwa mteja. Muombe afunge geji mahali pa plagi, abane kishikio cha mafuta hadi mwisho, avute kamba mpaka mshale uache kupanda. Kwa injini nyingi ndogo za aina hii, kuanzia 100 psi (kizio cha shinikizo kwenye geji) kwenda juu ni afya ya kutosha kufanya kazi. Ikishuka chini ya 90 utaanza kupata taabu ya kuwasha, hasa ikiwa moto.

Tuseme pistoni ni safi na geji imekubali, na kwa maelezo yako nina matumaini makubwa kuwa itakuwa hivyo. Basi tengeneza, na uanze na vya bei rahisi. Mwaga petroli yote iliyomo. Vuta kichujio kilichomo ndani ya tangi kwa waya uliokunjwa ncha, weka kipya. Kunja mipira ya mafuta kwa vidole: ukiona nyufa au umekuwa mgumu, badilisha yote pamoja na kile kipira cha kubonyeza mafuta kabla ya kuwasha. Mpira wenye ufa ni mbaya kuliko ulioziba, maana unanyonya hewa na wewe huoni tone lolote likidondoka. Jaribu pia kulegeza kifuniko cha tangi kidogo injini ikiwa inakwenda. Ikipata nguvu ghafla, tatizo ni tundu la hewa la tangi limeziba, na hapo kazi imekwisha.

Isipopona, nenda kwenye kabureta. Ndani yake kuna kiwambo chembamba kinachopumua ili kuvuta mafuta. Kikiwa kipya kinalegea mkononi. Kikizeeka kinakakamaa na kulia kama karatasi ukikigusa. Kiwambo kilichokakamaa hakivuti petroli ya kutosha, na dalili zake ndizo ulizoniandikia. Kinauzwa pamoja na gasketi zake kama seti. Kwa mashine nyepesi za nyumbani, kabureta nzima mara nyingi haizidi sana gharama ya kumlipa mtu aifungue, aisafishe na kuifunga, kwa hiyo wala usisite kubadilisha nzima. Ila fundi asiguse skrubu za kurekebisha mafuta kabla ya kusafisha. Akizigeuza kwanza, atakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Na kama pistoni imekwaruzika? Hapo inategemea umenunua mashine ya namna gani. Tazama bomba lake refu. Ya daraja la nyumbani mara nyingi ina bomba lililopinda chini, na ndani yake inazunguka kebo. Ya kazi nzito ina bomba lililonyooka, shafti ya chuma ndani, na gia kwenye kichwa zenye tundu la kujazia grisi. Kwa ile ya kwanza, silinda ikishaumia, achana nayo. Toa kichwa, mkanda na ngao uviweke akiba. Kwa ile ya pili, seti ya pistoni na silinda inaweza kuipa miaka mingine mingi, lakini kwa sharti moja: shika gurudumu la sumaku, lile zito linalozunguka pamoja na injini, ulitikise juu na chini. Likicheza, beringi za ndani zimekwisha, na silinda mpya juu ya beringi mbovu ni hasara.

Watu wanapenda kanuni ya nusu bei: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine mpya, nunua. Naikubali, ila ulinganishe na mpya ya daraja lile lile. Mashine nzito yenye miaka sita hailinganishwi na nyepesi iliyotoka dukani jana kwa sababu tu hii ya dukani ni rahisi. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana kiwambo, kichujio na kichwa cha uzi vya mashine hiyo hiyo anayokuuzia. Asipokuwa navyo, siku ikiharibika utarudi kuniandikia barua hii hii.

Mume wako naye ana hoja. Ya betri haina kabureta, haina kuchanganya, haina kelele za kuamsha majirani, na kwa uwanja mdogo wa nyasi laini ningemuunga mkono leo hii. Lakini mteremko mrefu wenye majani magumu unakula betri, mtahitaji ya pili ya kubadilishana, na betri ni sehemu kubwa ya bei yote. Tena betri huzeeka hata ikikaa kabatini. Mpeni mashine ya petroli nafasi ya kupimwa kwanza, kisha mwamue wawili.

Hukusema kama mashine ilikaa stoo na petroli ndani. Kama ilikaa nayo, yaelekea chanzo ni hicho. Petroli iliyochanganywa haitakiwi kuzidi mwezi mmoja au hivi. Yenye ethanoli ni mbaya zaidi, inavuta unyevu na kukakamaza mipira na viwambo. Ukijua utakaa muda mrefu bila kufyeka, mwaga tangi, bonyeza kipira mpaka kikauke, washa iende mpaka ijizime yenyewe. Uwiano wa oili soma kwenye kitabu chake au kwenye kifuniko cha tangi. 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli; 40 kwa 1 ni mililita 25; 25 kwa 1, ambayo utaikuta kwenye mashine za zamani, ni mililita 40. Pima kwa chombo chenye alama. Usikadirie kwa kifuniko cha chupa, na oili iwe ile ya injini za kuchanganya, si ya gari.

SWALI

Fundi, habari za kazi. Mashine yangu ikiwaka tu, kichwa kinazunguka hata sijagusa mafuta. Jamaa ameniambia gia zimekufa, bora niiuze kama spea. Ni kweli?

JIBU

Si kweli, kijana wangu. Gia zikifa kichwa kinagoma kuzunguka au kinapiga kelele. Hakizunguki bila kuombwa. Kwanza punguza skrubu ya mzunguko wa chini, ile ya nje ya kabureta inayogusa mkono wa mafuta. Kichwa kikisimama, huna tatizo. Kikiendelea na huku injini iko chini vizuri, fungua klachi, kile kifaa kinachounganisha injini na kichwa, uangalie springi zake. Moja ikikatika, viatu vya klachi vinatanuka mapema na kushika. Ni spea ndogo kabisa. Lakini injini ikipanda yenyewe hata baada ya kulegeza skrubu hiyo, izime mara moja: kuna mahali inanyonya hewa, mara nyingi kwenye gasketi ya kabureta au sili za shafti (mipira inayozuia hewa isipite), na ukiiacha iende hivyo itakula pistoni. Mpaka kichwa kisimame chenyewe injini ikiwa chini, usiipeleke kazini, wala usimpe mtu mwingine aishike.